Katuni za kampeni: mbona siku hizi viongozi wa vyama hawachorwi sura?

Muuza Gazeti (Tanga)

Asalaam aleikum na habari zenu wakuu, uzi wangu mrefu kidogo mnivumilie.

Mi nauza magazeti Ngamiani, meza yangu imegusana na kijiwe cha kahawa kwa hiyo wateja wangu wengi sio wanunuzi, ni wale wa kusimama mikono nyuma wanasoma vichwa vya habari bure halafu wanarudi kwenye benchi kubishana utadhani wamemaliza gazeti zima. Sina ubaya nao, ndo Tanga yetu hiyo. Ila nimewachunguza, mtu akifika mezani macho yanapita kwenye ile picha kubwa ya mbele mara moja tu halafu yanaanza kutafuta katuni, na kama katuni iko kurasa za ndani utasikia "hebu nifungulie hapo ami niitupie jicho", na mi namfungulia maana jioni yeye ndo ataninunulia kahawa na kashata.

Sasa mi nina tabia, gazeti likibaki nakata katuni naibandika kwenye ubao wa kijiwe, pale pale tunapoandika ratiba za Coastal na African Sports. Kampeni zikianza ubao unachangamka balaa. Juzi nimebandika moja ya kiongozi wa chama (chama sitaji, nina wateja wa rangi zote), kachorwa kashika kipaza sauti, mdomo umejaa nusu ya jukwaa na nyuma yake wananchi wameziba masikio. Akaja bwana mmoja na kofia ya chama hicho akaibandua taratibu, akaikunja vizuri kabisa akatia mfukoni, akaniambia nimemdhalilisha mwenyekiti wake na nina bahati yeye ni mstaarabu. Benchi zima likamcheka. Haya, jana nikabandika ya chama cha pili, wale wale waliokuwa wanacheka ndo wakanuna, mmoja akahamia kijiwe cha jirani na kikombe cha watu mkononi.

Sasa naomba mnisaidie. Hivi mchoraji akimchora kiongozi wa chama wakati wa kampeni mpaka wake unaishia wapi, maana sura ya mtu ni sura ya mtu. Halafu nina katuni za nyuma kwenye boksi nyumbani, naona viongozi walikuwa wanachorwa waziwazi, upara, tumbo, meno, kila kitu, ila sa hivi nyingi ni mwananchi tu mwenye viraka anaongea peke yake, kiongozi ukimuona basi ni mgongo au kivuli au kiatu. Wachoraji wameishiwa au wameogopa? Na zinabadilisha kura ya mtu kweli hizi au ni kuchekeshana tu huku tunasubiri matokeo?

Babu wa Chumbageni

Wa aleikum salaam kijana. Mi nimestaafu, kazi yangu sasa hivi ni kusoma na kubishana, umenigusa penyewe.

Hizo za kwenye boksi lako ni za juzi tu. Sisi tumekua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, yule ameanza 1967, na nakwambia gazeti likifika tulikuwa tunaanza kwa Chakubanga ndo turudi kwenye hotuba, na wengine hotuba hawafiki. Baadaye likaja gazeti la katuni la Sani, kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, vijana wanalipokezana mpaka karatasi inakuwa laini. Lakini angalia nani anachekwa mule, ni sisi. Mlevi, mwanamke mjanja, karani, mtu wa mjini anayejifanya ana hela. Mwalimu kuchorwa pua gazetini mi sikumbuki kuona, chama kilikuwa kimoja na Uhuru lenyewe ni gazeti la chama, sasa nani amchore nani.

Mambo yamebadilika vyama vingi viliporudi 1992 na magazeti ya watu binafsi yakafumuka, halafu ukaja ule uchaguzi wa 1995. Yakhe ule uchaguzi! Mkapa, Mrema, Lipumba, Cheyo. Mrema akifika mahali wafuasi wanazuia gari lake lisiende na injini, wanalisukuma kwa mikono, na mzee mwenyewe yuko ndani anapunga. Hapo mchoraji aongeze nini? Kitu kishajichora. Cheyo naye anaitwa Bwana Mapesa, anawaambia watu anataka wawe na mapesa, basi mchoraji akitaka kumuonyesha Cheyo hahitaji hata sura. 2005 Mbowe kaja na chopa, watoto wanakimbilia uwanjani kuona helikopta, mgombea ni wa pili. 2015 hiyo ndo usiseme, Lowassa katoka CCM mwezi wa saba kaenda Chadema na watu wanazungusha mikono hewani kama refa anayeashiria sabu, upande wa huku Magufuli anapiga pushapu jukwaani kuonyesha afya. 2020 Hashim Rungwe akaja na sera ya ubwabwa, mpaka leo mtu akisema ubwabwa kwenye kijiwe chetu lazima mmoja amtaje.

Kwa hiyo mi jibu langu ni kwamba wachoraji hawajaishiwa, walioishiwa ni wanasiasa. Siku hizi mgombea analetwa na msafara, wasanii wanaimba saa nzima, yeye anapanda anasoma alichoandikiwa, anawanadi madiwani, anashuka. Utamchora nini? Kioo cha gari?

Kalamu ya Bagamoyo

Shikamoo babu. Hapo kwa Cheyo umesema jambo kubwa sana na nataka nilishike.

Mi nachora, nimesoma sanaa huku huku Bagamoyo, na nimechora katuni za magazeti kwa muda kabla sijarudi kwenye mabango na fulana. Watu wanadhani kumchora kiongozi ni kukuza pua. Pua yeyote anakuza, hata mtoto. Mi nikienda mkutano wa kampeni na kidaftari changu siangalii uso kabisa, naangalia mikono, kila mwanasiasa ana namna yake ya kushika maiki na kunyoosha kidole na wengi hawajijui, halafu naangalia umbo la kichwa kwa mbali, kama ni la yai, la tofali, la papai. Ukishapata hivyo viwili weka miwani au kofia basi, hata aliyesimama mezani kwako mikono nyuma anamjua kabla hajasoma maneno. Na hiyo ndo katuni ya gazeti, isomwe na mtu aliyesimama.

Ila chenye meno zaidi ni kitu. Kitu ambacho kiongozi amekileta mwenyewe kwa mdomo wake au kwa mkono wake. Afrika Kusini kuna mchoraji anaitwa Zapiro, alimwekea mwanasiasa wao Jacob Zuma bomba la kuogea juu ya kichwa, likachomoza hapo miaka na miaka, kwa sababu 2006 kwenye kesi yake ya ubakaji (ambayo aliachiwa huru) Zuma mwenyewe aliiambia mahakama kwamba alioga baada ya tendo ili kupunguza hatari ya kuambukizwa. Yeye ndo alisema. Zuma akamshtaki Zapiro kudai fidia, mwisho 2012 akaifuta ile kesi. Kenya nako kwenye uchaguzi wa 2013 Gado, na huyu ni mtoto wa Dar kabisa alihamia Nairobi 1992, aliwachora Uhuru Kenyatta na Ruto wamefungwa mnyororo na lile tufe la chuma la wafungwa, kwa sababu wote walikuwa na kesi kwenye mahakama ya kimataifa ya jinai kule The Hague. Hakuwatukana. Kesi ipo, tufe likachorwa.

Na hii sio ya leo. Ufaransa 1831 Charles Philipon alipelekwa mahakamani kwa kumchora mfalme Louis-Philippe, akawachorea pale pale hatua nne, ya kwanza mfalme, ya mwisho peasi, akauliza sasa kosa langu liko kwenye hatua gani. Mwenzake Daumier yeye alikula miezi 6 jela kwa katuni nyingine ya mfalme huyo huyo anameza mali za watu.

Muuza Gazeti swali lako la pili mi nalijua jibu lake kwa vitendo. Kuna gazeti moja nilipeleka mchoro wa kiongozi wa chama anagawa ahadi kutoka kwenye gunia lililotoboka chini. Mhariri akacheka sana. Akasema safi ila mtoe miwani. Nikatoa. Baadaye kidogo akaita tena, huo upara unamtaja mno, weka nywele. Nikaweka. Jioni kabla ya kwenda mitamboni akasema mgeuze tu aangalie kule. Kesho yake nanunua gazeti naona mtu wa suti amenipa mgongo ana nywele nyingi kama mimi. Gunia walinibakizia. Sasa ukiona mgongo kwenye katuni usidhani mchoraji amelala.

Baharia Mstaafu

We Kalamu umenikumbusha mbali. Mi nimefanya kazi melini, Uingereza nimekaa vipindi vipindi, na hawa jamaa ndo mabingwa wa kudhalilishana. Kulikuwa na waziri mkuu anaitwa John Major, mtu mpole, hana makuu. Basi mchoraji wa The Guardian, Steve Bell, akawa anamchora kila siku kavaa chupi JUU ya suruali. Kila siku. Mi nikasema huyu mzee kwisha, ukifika uchaguzi wa 1992 atapigwa. Akashinda!! Zuma na bomba lake kichwani akawa rais 2009. Uhuru na mnyororo wake akashinda 2013. Sasa niambieni katuni imemuangusha nani? Yule bwana wa kofia ya chama angeiacha tu ile karatasi ubaoni, mwenyekiti wake hapungui hata kura moja.

Ila nisiseme uongo, mmoja namkumbuka iliyomuumiza. Kulikuwa na kipindi cha vikaragosi kwenye TV yao, Spitting Image, na uchaguzi wa 1987 kulikuwa na vyama viwili vimeungana, viongozi wawili, David Owen na David Steel. Kipindi wakamtengeneza Steel kakaragosi kadogo kanakaa mfukoni mwa Owen, kanasema ndio bwana ndio bwana. Steel mwenyewe alikuja kukiri kile kikaragosi kilimharibia. Mi nadhani ni kwa sababu watu walikuwa tayari wanahisi hivyo kuwa kuna mkubwa na mdogo, sasa wakionyeshwa kila wiki wakakubali. Major yeye chupi haikusema kitu ambacho watu wanakiogopa, ilikuwa inasema tu huyu mtu ni wa kawaida, na wapiga kura wa kawaida ni wengi.

Babu wa Chumbageni

Baharia chupi juu ya suruali hapa Tanga ingebandikwa ubao gani? Wangekuja wake zetu kuing'oa kabla ya chama.

Binti Makorora

Jamani naomba na mi niongee maana naona uzi mzima ni wanaume mnasifiana.

Mi ni mwanachama, kadi ninayo, nimebeba bango nimepanda fuso kwenda mikutano, kwa hiyo najua upande wa anayechorwa. Na nakubaliana na Kalamu kwamba kitu ni bora kuliko pua. Lakini mbona hiyo kanuni mnaitumia kwa wanaume tu? Mwanaume anachorwa na gunia, na chopa, na ubwabwa, mwanamke akigombea anachorwa na makalio. Midomo imekolezwa, kifua, kope hizo kama mbawa, pembeni kuna mwanaume anatoa macho. Hiyo ahadi yake iko wapi kwenye mchoro? 2015 Anna Mghwira alikuwa mwanamke pekee kwenye karatasi ya urais, tena ni mwenyekiti wa chama chake cha ACT, haya mtu anitajie hapa ahadi yake moja aliyoiona kwenye katuni. Nasubiri.

Na huyo Gado mnayemsifia, ile katuni yake ya 2015 kwenye The East African iliyomponza, mnaikumbuka? Kamchora Kikwete kakaa kama mfalme anaburudishwa na wanawake waliovaa nusu uchi, na kila mwanamke kapewa jina la uovu, ufisadi na wenzake. Kikwete ndo anayesemwa lakini ufisadi umepewa mwili wa mwanamke. Mbona ufisadi haukuchorwa lijitu la kiume lenye kitambi, si ndo wenyewe tunaowajua?

Halafu sa hivi kuna hizi picha za akili mnemba zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mgombea wa kike anatengenezewa picha yuko sehemu hajawahi kufika na nguo hajawahi kuvaa, chini hakuna jina la mtu wala gazeti, halafu ukilalamika unaambiwa dada ni utani tu hujui katuni? Katuni mtu anaona kabisa huu ni mkono wa mtu umechora. Ile nyingine mama yangu alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli.

Kalamu ya Bagamoyo

Dada hapo kwa Gado sina la kujibu, mchoro ule kisiasa ulikuwa mkali ila hilo la wanawake umeliona sawasawa na wengi wetu tulilipita. Na mi nimekaa vyumba vya habari, tukipata kiongozi wa kike watu wanaanza kuchora nguo kabla ya kuuliza kasema nini, ni uvivu.

Kuhusu hizo za akili mnemba mi nawaambia vijana wangu jambo moja, katuni ina sahihi. Chini pale kuna jina, kuna mtu atakayeitwa akitakiwa. Kisicho na sahihi mi sikibandiki popote hata kikinichekesha.

Mdau wa Sheria

Salaam wote. Naingilia kwa upande wa mpaka alioulizia mwenye uzi maana naona mnacheka tu na kuna watu wamelala ndani.

Katuni gazetini na katuni kwenye simu yako haziko mahali pamoja kisheria. Gazeti lina mhariri, lina leseni, likikosea anaitwa mhariri. Wewe ukipiga picha ya ubao wako ukarusha kwenye stetasi au grupu umeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ile iliyoanza kutumika Septemba mwaka ule ule, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Utasema katuni sio taarifa ni kejeli, sawa, lakini utakuwa unayasema hayo ukiwa umesimama kizimbani. Hapo bado kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na maadili ya uchaguzi yanayokataza kashfa na lugha ya matusi kwenye kampeni.

Mifano ya namna mambo yanavyoenda. Ile ya The East African aliyoisema dada, gazeti lilizuiwa kuingia nchini Januari 2015, na sababu iliyotolewa ikawa halijasajiliwa, wakati lilikuwa linauzwa hapa miaka yote. Gado mkataba wake na Nation, kampuni ya Kenya yenye gazeti hilo, ukaishia hapo 2016. Oktoba 2024 The Citizen walirusha katuni mjongeo, mwanamke anabadilisha chaneli kwenye TV na kila chaneli kuna mtu analia ndugu yake kapotea au kauawa, TCRA wakasimamisha leseni za mtandaoni za kampuni nzima ya Mwananchi siku 30. Upande wa pili, Mahakama ya Afrika Mashariki Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Kwa hiyo hoja ya kujitetea ipo.

Sasa mnauliza kwa nini mgongo. Mhariri wa Kalamu alikuwa anahesabu hasara, siku 30 bila matangazo ni mishahara ya watu. Sio kwamba namtetea.

Baharia Mstaafu

Kumbe hata mwanamke wa kubadilisha chaneli hakutajwa jina na bado walifungiwa? Basi bora mngemchora na sura tu.

Mdau wa Sheria

😂 baharia acha hizo.

Babu wa Chumbageni

Hilo la baharia mnacheka ila lina ukweli ndani. Watu wa pwani tumezoea kusemana kwa fumbo, mwanamke anavaa kanga anapita mbele ya mlango wa jirani, hajatamka kitu na jirani hatoki siku mbili. Mchoraji Masoud Kipanya anafanya hivyo hivyo na yule panya wake KP, panya akiwa hana hata neno moja watu wanashinda mtandaoni wanabishana leo amemaanisha nani. Kijasti wa Nathan Mpangala naye anasimama pembeni tu anaangalia wakubwa wanavyojiaibisha. Hao wamemweka mtazamaji mdogo kwenye mchoro kwa makusudi na ni ufundi, sio woga. Tofauti yao na ule mgongo wa kwenye gunia ni kwamba KP ukimtoa mchoro unakufa. Mgongo ukiutoa hakuna anayegundua.

Lakini fumbo nalo lina ubaya wake, kila mtu analivalisha anayemchukia. Kijiweni kwetu katuni moja ya KP imewahi kugombanisha vyama vitatu, kila kimoja kinasema imewalenga wenzao. Wote wamefurahi, hakuna aliyejitazama. Mi nataka mara moja moja mtu achorwe ajijue.

Muuza Gazeti (Tanga)

Ahsanteni sana wakuu, uzi nimeusoma kwa sauti kijiweni na yule wa kofia ya chama alikuwepo, akasema "huyo Binti Makorora ana akili", mengine yote kakataa.

Sasa Kalamu naomba nikuulize la mwisho. Nina mpwa wangu anachora vizuri, yuko fomu three, ananiambia mjomba hawa wakubwa tuwaache, yeye anataka awe anachora kwa chaki kwenye ubao wagombea udiwani wa kata yetu. Mmoja kila kampeni anaahidi mtaro, mvua za masika maji yanaingia mpaka ndani kwa watu na mtaro hatujauona, na safari hii ameahidi tena na mabomba juu. Mwingine ndo kwanza anaanza, anazunguka na baiskeli nyumba kwa nyumba anajifanya mtu wa watu ila baiskeli yenyewe inashushwa kwenye gari kona ya nyuma (tumeona). Je amchore nani aanze, na achore sura au asichore? Maana hawa sio wa gazetini, hawa tunakutana nao msikitini.

Kalamu ya Bagamoyo

Mpwa wako ana akili kuliko wahariri wangu. Achore wote wawili siku moja, ubao mmoja, ukubwa sawa, asianze na mmoja kabisa maana yule wa pili hataamini kama zamu yake inakuja.

Wa mtaro, mchore kasimama ndani ya maji yamefika magotini, suruali kakunja, anahutubia, mkononi kashika ile ahadi na imelowa. Sura weka kidogo, umbo tu, kata nzima wanamjua. Wa baiskeli usimchore yeye kabisa, chora gari, baiskeli inashushwa na watu wawili, na bado haijakanyaga chini. Asiandike jina hata moja. Asiandike na matusi wala mambo ya kabila, dini au ugonjwa wa mtu, na familia zao asiziguse. Chini aweke jina lake, na kabla ya hapo muulize baba yake, ni mwanafunzi huyo.

Halafu chaki inafutika, asubuhi ikishasomwa mfute mwenyewe jioni kabla hajaja mtu kufuta kwa hasira. Na msipige picha mkaanza kurusha, mmemsikia Mdau hapo juu. Nyeusi na nyeupe inatosha, asitumie chaki ya kijani wala ya bluu wataanza kutafuta chama kwenye rangi.

Mdau wa Sheria

Naunga mkono, hasa hilo la kutorusha. Na wale wagombea wakija kulalamika muwape chaki wajibu ubaoni hapo hapo.

Binti Makorora

Viti maalum na wao mtawachora? Kuna mmoja kata yetu aliahidi vyoo vya soko tangu kampeni zilizopita, kopo la maji analo tayari, tena huyo nawapa mimi, msianze na gauni lake.